Barabara ya Kilomita Hamsini na Mbili

Alhamisi, saa tisa mchana, Edouard aliingia dukani kwangu na karatasi mbili mkononi, akazibwaga juu ya meza ya vipuri. Hakunisalimia. Mtu aliyelelewa kwa misa na heshima za mji wa Kabalo asipokusalimia, ujue amekuja kukushtaki.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Karatasi ya kwanza: Jumanne, kilomita tisini na mbili kwa saa. Ya pili: Alhamisi hiyohiyo, asubuhi, tisini na nne. Kikomo: themanini. Chini ya zote mbili kulikuwa na mstari mmoja mwekundu: onyo la tatu ni mwisho wa mkataba.

"Ulikimbia," nikamwambia.

"Sikukimbia! Sylvain, mi niko muntu wa kukimbia? Mushale ilikuwa kwa makumi munane, haikupita. Nilikuwa naiangalia na macho yangu yote mbili. Tangu uliniuzisha ile boîte yako, motoka iko na pepo."

Edouard ana miaka hamsini na sita. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Yeye alianza kwa kuita abiria mlangoni mwa mabasi ya watu, halafu akashika usukani wa mabasi ya watu, na baada ya miaka kumi na moja ya kula bukari, ugali wetu, na matembele akanunua minibus yake mwenyewe. Nyumba amepanga. Shamba hana. Kila kitu alicho nacho kinatembea kwa magurudumu manne. Miaka mitatu sasa, minibus hiyo ina mkataba na kampuni moja inayofanya kazi mgodini, upande wa barabara ya Likasi: alfajiri inapeleka zamu ya mchana na kurudisha zamu ya usiku, jioni inafanya vilevile. Safari nne kwa siku. Mkataba ukivunjika, gari linarudi kugombania abiria mjini, mahali ambapo mabasi ni mengi kuliko watu. Kwa gari la umri ule, na kwa mtu wa umri ule, haifiki mwaka mmoja.

Kwa hiyo nilifunga duka. Sikuwa na huruma hasa. Boîte ilikuwa yangu, na katika mtaa wetu, commune ya Kenya, habari ya boîte yenye pepo inafika sokoni kabla yako.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki mbili nyuma, boîte ya vitesse, yaani sanduku la gia, ya Edouard ilikuwa imekufa: gia ya tatu ilikuwa inaruka yenyewe. Kwetu, boîte haitoki dukani hivihivi. Unaleta iliyokufa, unaondoka na iliyo hai, na unaongeza kidogo juu. Iliyokufa inabaki kwangu, naifungua, kila kipande kinatafuta mwenye kukihitaji. Nilimpa Edouard boîte iliyotoka kwenye camionnette ya kubeba mizigo. Fundi wake, Élie, mwenye garaji nyuma ya soko, alizipima pamoja: matundu ya boliti, sawa, meno ya mhimili, sawa, urefu, sawa. Akaifunga siku ya Jumapili. Jumatatu gari lilikuwa barabarani, na Edouard alinipigia simu kunishukuru, maana injini ilikuwa imetulia kuliko zamani. Kisha, Jumatatu ya wiki iliyofuata, kampuni ikafunga traceur ndani ya mabasi yote, kile kisanduku kinachozungumza na satelaiti na kumwambia mkubwa wa magari kila mwendo wako. Jumanne, onyo la kwanza.

Élie alikuwa chini ya taxi ya mtu tulipofika. Alitoka, akafuta mikono, akasoma karatasi mara mbili.

"Papa Edouard, ile mashini ya satelaiti haiongope."

"Basi mi njo naongopa?"

"Sikusema vile. Nataka kuona kintu."

Aliingia chini ya minibus. Nyuma ya boîte, pembeni, kuna mahali ambapo waya wa compteur, ile saa ya mwendo na kilomita, unaingia. Alifungua boliti moja tu, akavuta, akatoka na pignon, gurudumu dogo la meno la plastiki, haizidi ukubwa wa kidole gumba. Akaigeuza juani, akahesabu meno yake kwa ncha ya bisibisi. Thelathini na tisa.

"Sylvain, boîte yake ya zamani iko wapi?"

"Iko kwangu. Sijaigusa."

"Niletee pignon yake."

Nilikwenda, nikarudi. Élie akahesabu. Thelathini na tatu.

Akajipiga paji la uso kwa kiganja chenye grisi, alama ikabaki pale.

"Miye njo nimeua muntu," alisema.

Alitueleza akichora kwa msumari juu ya mavumbi. Boîte ndiyo inayouzungusha waya, na waya ndio unaousukuma mshale. Pignon ya meno mengi inazunguka polepole. Ile camionnette ilikuwa na daraja la nyuma, yaani difu, la kubebea mizigo, mhimili wake ulizunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo waliotengeneza waliweka meno thelathini na tisa ili mshale useme kweli. Kwenye minibus ya Edouard, yenye daraja jingine, pignon hiyohiyo inausokota waya polepole mno. Gari linakwenda themanini, mshale unasema sitini na saba. Mshale ukisema themanini, gari liko tisini na tano.

"Na injini?" Edouard aliuliza. "Mi nasikia kwa sikio. Miaka makumi tatu, najua makumi munane iko na sauti gani."

"Ile sikio pia iliongopewa. Gia ya tano ya hii boîte iko ndefu. Zamani kwa makumi munane compte-tours, ile ya kuhesabu mizunguko ya injini, ilikuwa inasema ngapi?"

"Elfu mbili na mia mbili."

"Sasa kwa makumi munane iko elfu mbili tu, na kidogo. Injini inatulia, wewe unasema motoka inalala, unakanyaga. Mushale inakwambia kanyaga, sikio inakwambia kanyaga. Yote mbili."

Edouard alikaa juu ya tairi. Sura yake ilianza kufunguka, kama mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu mtihani.

"Basi weka ile ya makumi tatu na tatu. Sasa hivi."

Élie alikuwa tayari amejipinda kuingia chini ya gari. Nikamshika mguu.

"Usiweke."

Wote wawili waliniangalia kama nimerukwa na akili.

"Ukiweka leo, kesho compteur inasema kweli," nikawaambia. "Utamwonyesha nani kwamba ilikuwa inaongopa? Yule Madame, mkubwa wa magari, atasema: ona, mushale iko sawa, ulikimbia. Kesho uende na hii mbaya, umwingize ndani, aone na macho yake. Kisha tubadilishe mbele yake."

"Na onyo la tatu nikilipata njiani?"

"Usilipate."

Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mapema zaidi. Compteur inayopunguza mwendo inapunguza pia kilomita, waya ni uleule. Toka Kenya mpaka mlango wa mgodi ni kilomita sitini na mbili. Kwa siku kumi hizi compteur lazima ilikuwa inahesabu hamsini na mbili. Kila safari, dereva anaandika namba ya compteur kwenye fiche, akiondoka na akifika. Kwa hiyo fiche za Edouard zilikuwa ushahidi tosha: barabara haiwezi kupungua kilomita kumi kwa usiku mmoja.

"Fiche zako zinasema ngapi?"

Edouard aliangalia chini.

"Papa Edouard, ngapi?"

"Makumi sita na mbili."

"Haiwezekani," Élie akasema. "Compteur haiwezi kuandika makumi sita na mbili."

"Compteur haikuandika. Mi njo niliandika." Akasita. "Najaza siku ya dimanche, nyuma ya misa. Za juma yote yenye inakuja. Kila mara naongeza makumi sita na mbili. Shofere gani hafanyi vile? Barabara iko ileile!"

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Aliyaandika maneno ya kumfunga kwa mkono wake mwenyewe. Fiche zake ziliapa kwamba compteur ni nzima. Na aliyetaka kuthibitisha kwamba mshale ulidanganya alipaswa kwanza kukiri kwamba yeye mwenyewe alidanganya, kwa kampuni ambayo mkataba wake unasema fiche ya uongo ni kosa la kufukuzwa.

"Nanyamaza tu," alisema. "Tunaweka pignon, nanyamaza, napigania lile onyo la tatu lisije."

"Na mwisho wa mwezi," nikamuuliza, "Madame akifungua mlango asome compteur? Karatasi iko mbele kwa kilomita mia nne. Atasema umerudisha compteur nyuma. Ile si kufukuzwa, ile ni polisi."

Élie akairudisha pignon mbaya mahali pake, Edouard akaondoka nayo, na ile nzuri ikabaki kwenye mfuko wangu wa shati.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa ndani: Edouard kwenye usukani, Élie pembeni yake, mimi nyuma na wafanyakazi kumi na saba wenye makoti ya manjano. Ilikuwa lazima wawe mlangoni saa kumi na mbili na robo. Kuchelewa nako kuna adhabu yake, kwao na kwa Edouard. Élie alikuwa amebandika kipande cheusi cha chatterton, utepe wa mafundi umeme, juu ya kioo cha compteur, kwenye sitini na tano.

"Mushale isiguse hapa."

Mwanzo ulikwenda vizuri. Halafu wale watu wakaanza kuamka.

"Papa Edouard, tunapeleka maiti?"

"Muache, leo iko kwa cortège. Nani alikufa?"

"Pesa ya prime yangu njo itakufa tukifika nyuma ya sirène ya kazi!"

Edouard hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na ilikuwa bado baridi. Mshale ulitetemeka chini ya kile kipande cheusi, sitini na mbili, sitini na tatu. Baada ya nusu ya njia tulikuta lori la madini, limejaa, linapanda mlima mwendo wa kilomita sitini hivi kwa saa. Nyuma yake foleni ya magari manne. Moja moja yakapita. Sisi tukabaki na moshi wake.

Saa yangu ilisema kumi na moja na dakika arobaini na tisa.

"Pita," mtu akapiga kelele.

Kupita lori kwenye mlima ni kukanyaga, na kukanyaga kulikuwa ndiko kuitafuta ile karatasi ya tatu. Chatterton haikumsaidia tena: akiwa anapita, hawezi kuangalia kioo. Na kama angeangalia, angeuona mshale usioaminika.

"Weka ya nne," Élie alisema kwa sauti ndogo. "Sikia. Ya nne haikubadilika. Boîte zote mbili, ya nne inapitisha injini moja kwa moja. Zamani kwa ya nne, makumi munane ilikuwa ngapi?"

"Elfu mbili na mia sita."

"Njo ileile leo. Angalia barabara, mi naangalia compte-tours. Ile haipite kwa boîte, ile haiongope."

Edouard alitoa gari kushoto. Injini ikalia. Tukafika kwenye tairi za nyuma za lori, tukawa ubavuni mwake.

"Elfu mbili na mia tatu," Élie alisoma. "Mia nne. Mia nne. Mia tano."

Mbele, juu ya mlima, taa mbili zikatokea.

"Kanyaga, Papa!" mtu wa nyuma yangu akalia.

"Mia tano na nusu. Shikilia hapo. Usiongeze."

Hakuongeza. Niliona mguu wake umekauka juu ya kanyagio kama umepigwa msumari. Pua ya lori ikabaki dirishani kwetu kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, zile taa zikawa gari zima, na Edouard akaingia kulia, honi ya lori ikitufuata. Tulifika mlango wa mgodi saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu.

Madame Christiane, mkubwa wa magari ya kampuni, alikuwa anatungoja na kahawa yake. Ni mwanamke wa familia ya Kasai, aliyesoma chuo kikuu, Kasapa, na hapendi hadithi ndefu.

"Papa Edouard, unaleta na ujumbe?" Alituangalia mimi na Élie.

Edouard alimweleza boîte. Élie alimweleza pignon. Alisikiliza yote, akafungua faili, akavuta fiche.

"Compteur yenu inapunguza kilomita kumi kila safari. Très bien. Mbona hapa kila safari iko makumi sita na mbili?"

Akatoka ofisini bila kutungoja, akafungua mlango wa minibus, akasoma namba ya compteur, akasoma fiche ya siku hiyo, ambayo Edouard alikuwa amekwisha kuijaza toka Jumapili. Akapiga hesabu kwenye simu.

"Compteur iko nyuma kwa kilomita mia nne na tatu." Sauti yake haikupanda. "Umerudisha compteur nyuma. Njo maana."

Nilimwangalia Edouard. Kama angekataa, alikuwa amekwisha. Kama angekubali, labda pia.

"Madame," alisema, "zile fiche naandikaka dimanche kwa nyumba. Siangaliaka compteur. Naongeza tu. Miaka tatu yote."

"Miaka tatu!"

"Eeh. Kama ningerudisha compteur nyuma, ningejua namba yake. Mi sikujua hata namba yake."

Hilo lilimgusa Madame mahali, niliona. Mwizi wa compteur anaisoma compteur. Alirudi kwenye simu yake: kumi kwa kila safari, toka boîte ifungwe, safari arobaini na moja.

"Ingekuwa mia nne na kumi. Ile saba iko wapi?"

Edouard aliuangalia mlango wa minibus.

"Siku ya samedi, juma yenye ilipita. Nilipeleka mama mumoja na cercueil, sanduku ya maiti ya dada yake, kwa paroisse."

"Ulimupeleka na motoka ya mkataba?"

"Na yangu, Madame. Lakini, ndiyo, ya mkataba."

Élie alijifanya anatafuta kitu viatuni. Madame aliandika ile namba ya compteur kwa kalamu yake mwenyewe, kwenye mkono wake, si kwenye karatasi. Akapanda mbele.

"Tuende. Zamu ya usiku inangojea."

Safari ya kurudi nilikaa nyuma yake. Simu yake ilikuwa wazi kwenye traceur, mwendo ukiandikwa hapo kwa namba kubwa, na mara kwa mara aligeuza macho kutoka simu hadi mshale. Simu sabini na tano, mshale sitini na tatu. Simu sabini na nane, mshale sitini na sita. Tulipofika kituo cha Kenya, alisoma compteur, akasoma mkono wake. Hamsini na mbili. Simu: sitini na mbili.

"Badilisha," alimwambia Élie.

Nilitoa pignon mfukoni. Élie alilala chini ya gari pale pale kando ya barabara, wauza mkate wakimzunguka, na baada ya dakika kumi alitoka na ile ya meno thelathini na tisa, akanitupia. Niliiweka mfukoni, mtu wa Kasomeno mwenye camionnette alikuwa ameniulizia kitu cha aina hiyo. Tukaenda mpaka Kasapa na kurudi. Simu sabini, mshale sabini.

Tulisimama mbele ya garaji. Madame hakushuka.

"Nisikilize muzuri, Papa Edouard. Zile onyo mbili siwezi kuzifuta. Motoka ilikwenda makumi tisa na ine, na bantu kumi na saba ndani. Boîte haina permis ya kuendesha, wewe njo uko nayo. Lakini nitaandika: cause mécanique, kosa ni ya mashini. Hazitahesabiwa kwa ile tatu. Mkataba unabaki."

Edouard alifumba macho.

"Sijamaliza. Fiche za bongo, uongo mutupu, miaka tatu. Hiyo haina cause mécanique. Siku makumi tatu haushike usukani wa motoka yenye kubeba bantu yangu. Utafute shofere mwenye permis ya transport. Na wewe utakaa pembeni yake, uandike compteur kila safari, kuondoka na kufika. Nitasoma."

"Madame, siku kumi na tano. Mi niko na miaka makumi tatu barabarani."

"Makumi tatu."

"Makumi mbili, Madame, na nitalala ndani yake kama unataka."

"Papa Edouard, ukiongeza neno moja nitasoma tena ile ya cercueil."

Edouard aliiweka juu ya goti karatasi aliyopewa, akasaini. Madame akapanda teksi, akaenda.

Pale kwenye vumbi, Edouard alifunga kofia ya kalamu, akamgeukia Élie.

"Weye ulikuwa unaendesha taxi-bus mbele ya kufungua garaji. Permis yako iko inatembea?"

"Iko, lakini..."

"Nani aliweka boîte bila kuhesabu meno ya pignon?"

"Papa Edouard, niko na garaji! Motoka tatu zinaningojea!"

"Alfajiri mpaka saa mbili. Jioni tena. Katikati garaji yako haikimbie."

Élie aliniangalia apate msaada. Nikaanza kukunja mikono ya shati langu; boîte yangu ilikuwa safi, na nilikuwa na duka la kufungua.

"Sylvain, sema kitu!"

"Bei ni nzuri," nikamwambia. "Hajakudai hata zile kilomita ulizomharibia."

Alitukana, kwa Kiluba, kisha akauliza saa ya kuondoka. Jumatatu, saa kumi na nusu ya alfajiri, alikuwa kwenye usukani, amevaa kofia ya sufu, macho mekundu. Edouard alikaa pembeni, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akasoma namba ya compteur kwa sauti mara mbili, akaiandika. Ndipo akamruhusu awashe injini.